Benki ya jirani nayo hulala njaa

Wale mliochacha tangu tarehe kumi, na wale wenye ngawira ya kubadilisha mifuko, wote nawasalimu kutoka huku Karatu, ambako upepo ukishuka kutoka Oldeani jioni, hata mwenye koti anakunja mikono. Wiki hii nawaomba radhi wapenzi wa mambo ya wachumba na mavazi. Tunazungumzia kitu kinachovunja uchumba haraka kuliko nyumba ndogo: pesa iliyokwama benki.

Usifungue ukurasa mwingine, bwana. Najua neno benki linawapa watu usingizi. Lakini wewe unayeweka akiba ya mahari, wewe dada unayekusanya mtaji wa saluni, na wewe kaka wa bodaboda unayepeleka elfu tano tano kila jioni kwenye kikundi, habari hii ni yako kuliko ya wazito wenye suti.

Sasa sikia. Tarehe 4 Januari 2018, siku ambayo watu walikuwa wamemaliza pilau ya mwaka mpya na wanaanza kuwaza ada za shule, Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa mpigo. Gavana wa wakati huo, Profesa Benno Ndulu, ambaye sasa ni marehemu, alitangaza kwamba zimefutiwa leseni. Mbili zilikuwa za Dar es Salaam: Covenant, iliyojitambulisha kama benki ya wanawake, na Efatha. Tatu zilikuwa za mikoani: Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Hiyo ya mwisho ni jirani kabisa, mkoa wetu huu huu wa Arusha. Ukitoka Karatu ukashuka ukingo wa Manyara, ukapita Makuyuni na mjini Arusha, unakuwa umeshafika kwao.

Na hazikuwa za kwanza. Miezi minane kabla, Mei 2017, Benki ya Wananchi Mbinga, kule Ruvuma, ilikuwa imeshafungwa. Hesabu mwenyewe: Mbinga, Njombe, Kagera, Meru. Benki nne za nyumbani, zilizoanzishwa ili mkulima na mama muuza genge wasidharauliwe kwenye foleni za benki za mjini, zote zimezimika ndani ya mwaka mmoja.

Mtu ataniuliza, "Wewe mwandishi, mambo ya mwaka arobaini na saba unayafukua ya nini?" Nayafukua kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kijiweni kwetu, hapa karibu na stendi. Juzi mjadala uliwaka. Jamaa mmoja dereva wa magari ya watalii alikuwa anatamba, "Mimi pesa yangu naweka kwa watu ninaowajua. Meneja nimesoma naye, mhasibu ni shemeji yangu. Wataniliza vipi?"

Mama mmoja wa vitunguu, anayetoka Mang'ola kila wiki, akamuunga mkono. "Baba, hizo benki kubwa hazinijui. Nikienda wananiuliza hati ya kiwanja. Hati nitoe wapi mimi? Hawa wa kwetu wananijua, wanajua nalipa."

Wote wawili wana hoja, na ya mama yule ndiyo nzito zaidi. Lakini yule dereva alinikera kidogo, maana anadhani benki huanguka pale tu mtu anapoiba. Ndivyo wengi wetu tunavyofikiri. Tukisikia benki imefungwa tunasema, "Vigogo wamekula." Wapo wanaokula, sikatai. Ila benki ya nyumbani inaweza kufa ikiwa na meneja mwadilifu anayesali kila wiki na mhasibu asiyegusa hata senti. Inakufa kwa sababu wateja wake wote wanakula chungu kimoja.

Ngoja nieleze taratibu. Mimi nimeishia kidato cha nne, kwa hiyo msitegemee hesabu za chuo kikuu. Hizi ni hesabu za kuuza karanga.

Chukulia benki ndogo ina shilingi 100 tu. Kati ya hizo, 15 ni za wenye benki wenyewe, yaani wale walionunua hisa. Huo ndio unaoitwa mtaji. Zilizobaki, 85, ni zetu mimi na wewe tulioweka akiba. Benki inabakiza 30 kwenye sefu kwa ajili ya wanaokuja kuchukua, na 70 inazikopesha ili ipate riba. Mpaka hapo hakuna shida.

Sasa mwaka mbaya unakuja. Kati ya zile 70 zilizokopeshwa, 20 hazirudi. Waliokopa hawakutoroka, wapo, unawaona kanisani na sokoni, ila hawana kitu. Hasara hiyo inaanza kula wapi? Inaanza na zile 15 za wenye benki. Inazimaliza zote. Bado 5. Hizo 5 zinatoka kwenye akiba zetu. Benki sasa ina mali ya shilingi 80 na inadaiwa 85. Mlango bado uko wazi, rangi ukutani bado inang'aa, dada wa dirishani bado anatabasamu, lakini mgonjwa ameshakufa amekaa kwenye kiti.

Hapo ndipo Benki Kuu inapokuja na kufuli. Kwa zile tano za Januari 2018, sababu rasmi iliyotajwa ilikuwa upungufu mkubwa wa mtaji, kinyume cha Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006. Benki ya jamii ilitakiwa iwe na mtaji usiopungua shilingi bilioni 2. Zilishapewa muda wa kujikusanya, muda ukaisha, mfuko haujajaa.

Lakini jamani, mtaji haukondi wenyewe. Kukumbuka nini kilichoukondesha, rudisha akili kwenye miaka ile ya 2016 na 2017. Ule ndio wakati msemo wa "vyuma vimekaza" ulipozaliwa. Kaka zetu wa miaka ya tisini walikuwa na neno lao, waliita "ukapa", kwa heshima ya rais wa wakati wao. Kila kizazi na jina lake, njaa ni ile ile.

Mwaka 2016 serikali iliagiza fedha za mashirika yake zihamishwe kutoka benki za biashara zipelekwe Benki Kuu. Nia ilikuwa kuzuia mchezo wa benki kuikopesha serikali pesa za serikali yenyewe, na mchezo huo ulikuwepo kweli. Ila pesa ikapungua mtaani. Semina na mikutano ya mahotelini vikapigwa panga. Wenye hoteli wakapunguza wafanyakazi, wafanyakazi wakapunguza nyama, mwenye bucha akashindwa kulipa mkopo. Kufikia mwisho wa 2017, mikopo isiyolipika ilikuwa imepita asilimia 10 ya mikopo yote ya mabenki nchini, wakati kiwango kinachovumilika ni asilimia 5. Benki Kuu yenyewe iliona mambo si mambo: Machi 2017 ilishusha riba inayozitoza benki zinazokopa kwake kutoka asilimia 16 hadi 12, na Agosti mwaka huo huo ikashusha tena hadi 9.

Benki kubwa zilitetereka, zikafunga mikanda, zikapita. Ndogo zikalala chini. Kwa nini mvua moja imnyeshee huyu aloe tu na yule afe kwa homa? Jibu lipo kwenye kile chungu kimoja.

Tazama ramani. Mbinga watu wanaishi kwa kahawa. Kagera ni kahawa na ndizi. Benki ya sehemu kama hizo inakopesha nani? Mkulima wa kahawa, mfanyabiashara anayenunua kahawa, mwenye lori linalobeba kahawa, na mwenye duka ambaye wateja wake ni hao hao. Kwenye makaratasi anaonekana ana wateja wanne tofauti. Ukichimba chini, ni mteja mmoja aliyevaa kofia nne. Kahawa ikikohoa, wote wanne wanalala kitandani siku moja. Tena siku hiyo hiyo wenye akiba nao wanakuja kuchukua pesa zao, maana na wao ni watu wa kahawa, na njaa imewabana. Benki inabanwa mbavu zote mbili: mikopo hairudi, akiba zinatoka.

Kama bado unaona nasimulia habari za watu wa mbali, tuje hapa nyumbani. Chukulia kwamba siku moja wazee wetu wamekaa, wakachanga, wakafungua Benki ya Watu wa Karatu. Hebu tuipitishe kwenye miaka ya karibuni tuone kama ingefika.

Huku kwetu nani asiyeijua mbaazi? Unaipanda katikati ya mahindi, ukishavuna mahindi yenyewe inabaki imesimama, inakupa pesa ya pili. Kwa miaka kadhaa India ilikuwa inainunua kama njugu. Watu walijenga kwa mbaazi, walioa kwa mbaazi, walisomesha kwa mbaazi. Agosti 2017 India ikatangaza kwamba itaingiza nchini kwake tani 200,000 tu za mbaazi kwa mwaka, basi. Wakulima wao walikuwa wamevuna nyingi. Bei ya huku ikaporomoka, ile ya elfu na ushee kwa kilo ikawa ya mia na ushee. Magunia yakarudi ndani. Watu wakala mbaazi na makande, mbaazi na ugali, mbaazi na hasira.

Sasa ile benki yetu ya kubuni ingekuwa imekopesha nani mwaka huo? Wakulima wa mbaazi, wenye trekta wanaolima mashamba ya mbaazi, na wanunuzi wenye maghala ya mbaazi. Uamuzi umefanyika New Delhi, mtu aliyeutia saini hajawahi kusikia jina la Rhotia wala Mbulumbulu, na shilingi 20 kati ya zile 70 zimeyeyuka.

Tuseme Mungu ni mwema, benki ikapona. Ikajifunza, ikasema, "Mbaazi basi, sasa tunakopesha watu wa utalii." Akili nzuri hiyo. Karatu ndio mlango wa Ngorongoro, bwana. Madereva, wapishi, wabeba mizigo, wauza vinyago, wenye nyumba za kulala wageni, akina mama wanaouza mboga kwenye lodji, wote hao ni mkwanja. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya 1,500,000. Halafu ikaja corona. Mwaka 2020 walifika kama 620,000 tu. Mliokuwepo hapa mnakumbuka. Lodji zilifunga milango, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani bila mshahara, magari ya safari yakawekwa juu ya mawe, na vijana waliozoea kushika dola wakashika jembe. Benki yetu ya kubuni, iliyonusurika mbaazi, ingezikwa na corona.

Ndani ya miaka mitatu, mapigo mawili, na hakuna hata mmoja aliyeiba senti. Meneja aliyesoma na yule dereva angekuwa amefanya kila kitu sawasawa. Shemeji yake mhasibu angekuwa na daftari safi. Na bado watu wangekuta kufuli.

Benki kubwa ingefanyaje kwenye mapigo hayo? Nayo ingeumia hapa Karatu. Ila ingekuwa na matawi Mwanza, Mbeya, Zanzibar na Kariakoo. Tuseme katika zile 70 ilizokopesha, 7 tu ziko kwetu. Hata zote 7 zikipotea, mtaji wake wa 15 unabaki 8, na maisha yanaendelea. Hana akili kuliko wetu, wala hana huruma kuliko wetu. Ana vyungu vingi.

Wala msidhani ni ugonjwa wa Afrika. Marekani, katika mdororo mkuu wa uchumi, kati ya 1930 na 1933 zilianguka benki kama 9,000. Nyingi zilikuwa benki ndogo za miji midogo, benki za tawi moja, katika majimbo ya wakulima wa ngano, mahindi na pamba. Sheria za majimbo mengi zilizibana zisifungue matawi mbali. Bei ya mazao ikaanguka, mji ukaanguka, benki ikaanguka na mji wake. Jirani zao wa Kanada walikuwa na benki chache zenye matawi nchi nzima. Mdororo uliwatesa vile vile, mazao yalioza vile vile, lakini hakuna benki hata moja ya Kanada iliyofilisika katika balaa lile.

Na kwa wanaosema hayo ni mambo ya zamani ya wazee wa kofia, kuna Silicon Valley Bank ya California. Hiyo ilikuwa na mabilioni ya dola na wateja waliosoma kuliko kijiwe chetu chote. Wengi wao walikuwa wa kazi moja: kampuni changa za kompyuta na matajiri wanaozifadhili. Kazi yao ilipokauka, wote wakahitaji pesa wakati mmoja. Machi 9, 2023, ndani ya siku moja, wateja walitaka kutoa dola bilioni 42, wengi wao kwa kubonyeza simu. Kesho yake benki ikafungwa. Wanakijiji wa kahawa na wataalamu wa kompyuta wamekufa kifo kile kile.

Nisije nikawapoteza, ukubwa nao si kinga ya mchawi. Hapa kwetu mwaka 1995 ilifungwa Benki ya Nyumba Tanzania, THB, ambayo ilikuwa mali ya serikali. Mwaka huo huo Meridien Biao, benki ya kigeni iliyokuja kwa mbwembwe baada ya sheria ya 1991 kufungulia mabenki binafsi, ilizama, na tawi lake la hapa likachukuliwa na Stanbic. Kenya nao walifungiwa milango ya Chase Bank Aprili 2016, baada ya uvumi kusambaa kwenye simu na watu kukimbilia kuchukua pesa. Benki kubwa ina sababu zake za kufa. Ninachosema ni kwamba ya nyumbani ina sababu moja ya ziada, nayo ni hiyo hiyo inayotufanya tuipende: ni yetu wote.

Sasa swali la msingi, lile ambalo dereva wetu hakuliuliza. Siku kufuli likiwekwa, pesa yako inakwenda wapi?

Nchi yetu ina kitu kinaitwa Bodi ya Bima ya Amana. Kila benki inachangia kwenye mfuko wake, na benki ikifa, mfuko unamlipa mwenye akiba. Wakati zile tano zinafungwa, kiwango cha juu kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mteja. Aliyekuwa na laki nane alirudishiwa laki nane zake. Aliyekuwa na milioni tisa, alistahili milioni moja na nusu, na zilizobaki akae kwenye foleni ya mfilisi, asubiri mali za benki ziuzwe na madeni yakusanywe. Na madeni yenyewe ni ya akina nani? Ni ya wale wale wenye magunia ndani. Foleni hiyo usimwombee hata adui yako.

Tangu 2023 kiwango kimepandishwa hadi 7,500,000. Kwa wengi wetu wa kijiweni hiyo inatosha na kubaki. Nani kati yetu ana milioni nane benki? Anayezo anyooshe mkono tumjue, tumwombe soda.

Lakini hapa ndipo penye soo, na ndiyo sababu nimeandika yote haya. Bima hiyo ni ya benki na taasisi za fedha zenye leseni ya kupokea amana kutoka Benki Kuu. Saccos haimo. Kikoba hakimo. Ule mchezo wa kupeana wa akina dada haumo. Yule jamaa mwenye daftari anayepita madukani kila jioni kukusanya elfu mbili mbili, huyo ndiyo kabisa. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliyotaka hawa wote wasajiliwe na wasimamiwe, na imesaidia kuchuja matapeli. Lakini kusimamiwa hakukupi fidia. Trafiki akikagua gari ukampa leseni, hajakuahidi kwamba ukipinduka atakununulia jingine.

Angalieni basi tulipo. Benki ya nyumbani iliyokufa Meru angalau ilikuwa na kamba ya bima chini yake. Vikundi vyetu vina ule ule udhaifu wa chungu kimoja, tena kwa ukali zaidi, maana kikundi cha madereva ni madereva watupu na kikundi cha vitunguu ni vitunguu vitupu, na chini yao hakuna kamba. Wao wameanguka kwenye godoro jembamba. Sisi tunacheza sarakasi juu ya saruji.

Je, nawaambia mkimbie? Thubutu! Yule mama wa Mang'ola alisema kweli. Bila watu wanaomjua, hapati mkopo, na bila mkopo halimi. Benki kubwa zina matawi hapa Karatu, NMB wapo, CRDB wapo, na zinafanya kazi yake. Lakini mtu anayetaka laki tatu za mbegu na mashine ya maji, bila hati, bila barua ya mwajiri, anaokolewa na wale wa karibu. Ukivifuta vikundi vyote kwa sababu ni hatari, umemrudisha mama yule kwa wakopeshaji wa kausha damu.

Wala benki za jamii hazikufa zote. Zipo zilizosoma alama za nyakati. Benki ya Wananchi Mwanga, kule Kilimanjaro, mwaka 2020 iliungana na wenzake wawili wakawa Mwanga Hakika, benki kubwa zaidi yenye macho nje ya wilaya moja. Benki ya Ushirika Kilimanjaro, ile ya Moshi, mwaka 2018 ilikuwa ukingoni, imepewa muda ijitengeneze la sivyo kufuli. Ikasimama, CRDB ikaingia kama mbia, na kutoka humo ikakua mpaka Aprili 2025 Rais Samia alipozindua Benki ya Ushirika Tanzania, makao yake Dodoma. Aliyekuwa anaombewa dua sasa anataka kuhudumia wakulima wa nchi nzima. Mnaona siri yao? Waliacha kutegemea chungu kimoja.

Basi kwako msomaji, kabla hujapeleka ngawira yako popote, uliza maswali matatu. Usione haya. Binti ukimtaka uchumba si unauliza ukoo wake?

La kwanza: hapa pana bima ya amana au hapana? Kama ni benki, jibu linatakiwa litoke bila kigugumizi. Kama ni kikundi, jua hakuna, na upeleke kile tu ambacho kikipotea utalia siku mbili na ya tatu utakwenda kazini. Na kama kikundi chenu kinaweka pesa zote kwenye akaunti moja benki, mwulizeni dada wa dirishani kama mnahesabiwa watu ishirini au mteja mmoja. Jibu hilo lina tofauti ya mamilioni.

La pili: wenzangu humu wanakula wapi? Kama wewe ni dereva wa watalii na kikundi chote ni madereva wa watalii, siku mgeni akikosekana mtakuwa watu ishirini mnaogombea sefu moja. Tafuteni mwalimu, muuza mitumba, mama wa ng'ombe wa maziwa, kinyozi. Mchanganyike. Hata makande hayawi makande kwa mahindi peke yake.

La tatu: yote niliyo nayo yako hapa? Kama mshahara unatoka utalii, akiba iko kikundi cha utalii, na kiwanja chako kiko karibu na lodji ukitegemea mgeni akipangishe, basi ndugu yangu wewe mwenyewe ni benki ndogo ya mkoani, na mtaji wako ni mwembamba. Gawanya. Kidogo kikundini kwa ajili ya undugu na mikopo ya haraka, kidogo benki yenye bima, kidogo kwenye kitu kinachoishi hata mtalii asipokuja, kama mbuzi au mahindi ghalani.

Niliyasema haya yote kijiweni. Mama wa vitunguu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama hiyo bima inalipa kwa kitambulisho cha taifa au kadi ya benki. Hilo ndilo swali la mtu mwenye akili, na nikamwambia aende na vyote viwili. Yule dereva yeye alicheka, akasema waandishi tunapenda kutisha watu, kwamba safari hii watalii ni wengi mpaka vyumba havitoshi.

Ni kweli ni wengi. Ndiyo maana nimeandika sasa hivi, wakati mifuko ina kitu. Ushauri wa mwavuli hautolewi mtu akiwa ameshalowa.

Haya, kwa leo nakomea hapo. Wiki ijayo, Mungu akitujalia uzima, tunarudi kwenye mambo yetu: kuna dada ameniandikia kwamba mchumba wake anataka wafungue akaunti moja kabla ya kutoa mahari. Dada, subiri kwanza. Soma tena swali la tatu.